Daftari la Chafya

Mtu akikuambia kuozesha maua ni kazi nyepesi, mpe kibano, mpandishe ngazi, halafu mtekenye pua kwa unyoya wa kuku. Hivyo ndivyo Bi Mwanaidi Mustafa anavyofanya kazi kila mwaka kuanzia Juni mpaka Septemba, ila yeye unyoya hauhitaji.

Shamba letu la mbegu liko nje kidogo ya Mtawanya. Si lile la utafiti la Naliendele. Watu hutuchanganya, nasi hatuwasahihishi kwa sababu inatuongezea heshima. Tunachofanya ni kuuchukua mkorosho wenye sifa hii na mkorosho wenye sifa ile na kuwapatia mtoto. Nyuki akiachiwa kazi hiyo ataifanya kwa fujo zake, kwa hiyo anafanya Bi Mwanaidi. Asubuhi, ua likiwa ndiyo kwanza linafumbuka, anashika kibano na kulitoa vumbi lake lenyewe kabla halijamwagika, kisha anachukua vumbi la ua la mti mwingine na kuligusisha kwenye ncha ya kike. Vumbi hilo wasomi wanaliita chavua. Ua lenyewe ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ncha hiyo ni unywele. Akimaliza analivika kikaratasi, anashuka ngazi, na mimi ninafunga lebo: mama fulani, baba fulani, tarehe, na herufi za aliyeozesha. Lebo zetu karibu zote zina M.M.

Mimi ni Raheli, ila hapa wananiita Mama Witness. Nimetoka Njombe, nikamfuata mume wangu aliyepata kazi bandarini, na kwa miaka sita nimekuwa nikishika ngazi na kalamu ya risasi chini ya Bi Mwanaidi. Nasema chini yake kwa maana zote mbili. Yeye ana miaka arobaini na mitatu, amezaliwa kwenye korosho, na mkono wake hautetemeki. Katika maua kumi aliyoyagusa, mawili au matatu yanashika tunda, na wanaojua kazi hii wanajua kwamba huo ni mkono wenye baraka.

Tatizo ni pua.

Maua ya mikorosho yakianza, na upepo ukaleta ile harufu tamu ambayo wageni wanaisifia, Bi Mwanaidi anaanza kupiga chafya. Si chafya moja ya mtu mstaarabu. Ni mfululizo, mpaka ngazi inatikisika. Macho yanakuwa mekundu, pua inachuruzika, kaakaa linamwasha hadi anakuna kwa ulimi na kutoa mlio kama wa chura. Na chafya ikimkuta na kibano mkononi, ua limekwisha. Ama ncha imevunjika, ama vumbi la maua ya jirani limepeperushiwa humo na hatujui tena baba ni nani. Ua la namna hiyo tunalikata.

Yeye kila akipiga chafya husema alhamdulillahi. Mwaka wa kwanza alinifundisha namna ya kumwitikia kwa kumwombea rehema, na mimi Mlutheri wa Njombe nikawa naitikia kwa bidii kama mtoto wa madrasa. Siku ya pili akaniambia nipumzike, kwamba zikizidi tatu, mwitikiaji hadaiwi kitu, huyo ni mgonjwa tu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengi walisema ni salfa, ile dawa ya unga ambayo wakulima wanapuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, maana salfa kweli inawasha macho na kubana kifua. Bi Mwanaidi akahama njia, akawa anazunguka mbali na mashamba yanayopulizwa, na chafya zikamfuata. Shemeji yake akasema ni jini wa bibi yao anadai kufukizwa. Wakamfukiza udi, moshi ukamwongezea chafya, na shemeji akasema si mnaona, anakiri. Mumewe, Rashidi, mtu mpole asiye na maneno mengi, alimnunulia vile vidonge vya njano vya mafua ambavyo kila duka la dawa linavyo. Vilimkausha pua kweli, ila saa nne asubuhi nilimkuta amesinzia juu ya ngazi, kashikilia tawi, kibano kikiwa mdomoni.

Mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi, na sababu ni mti wa baba yake.

Marehemu Mzee Mustafa alikuwa na mkorosho mmoja ambao korosho zake zilikuwa kubwa kupita kawaida. Watu walikuwa wakipita kuomba mbegu, naye anawapa, lakini mbegu ya korosho haimfuati mama yake sawasawa, na hakuna aliyepata mti kama ule. Kabla haujafa, Bi Mwanaidi alikata vikonyo na kuja kuviunganisha kwenye miche ya shamba letu. Ulishika mche mmoja tu. Ukakaa miaka minne ukichezacheza, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ulibeba vichala vya kutosha. Kasoro yake ni ile iliyoiua mikorosho mingi, ubwiriunga unaupenda. Tulitaka kuuozesha kwa mti wetu namba kumi na nne, ambao ugonjwa huo hauusumbui. Akizaliwa mtoto mwenye ukubwa wa mama na uzima wa baba, atapandwa kusini kote, na Bi Mwanaidi alitaka, kuliko kitu chochote nilichowahi kumsikia akikitaka, mtoto huyo atoke mkononi mwake.

Msimamizi wetu, Bwana Lukasi, si mtu mbaya. Ni mtu wa takwimu. Mwishoni mwa Juni aliniita ofisini, akaniuliza ni maua mangapi tunapoteza kwa chafya. Sikujua. Akanipa daftari dogo la kurasa arobaini na nane na kuniambia niandike kila siku: tarehe, chafya ngapi, maua mangapi yameharibika. Tena niandike bila kumwambia mwenyewe, asije akajibana. Akasema idadi ikiwa kubwa, Bi Mwanaidi atahamishiwa kitaluni kujaza udongo kwenye viriba, na mti wa Mzee Mustafa utaletewa kijana kutoka nje.

Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nitasema ukweli wangu, maana daftari hilo limekwisha nifunza: nilikuwa nimechoka. Ukiandika lebo ishirini vizuri halafu mtu akaharibu kumi kwa chafya, unakuwa na hasira za kijinga. Na kidogo nilifurahia kuitwa ofisini. Basi nikawa naandika, mgongo nimempa, kama mtoto anayeibia mtihani. Tarehe tano Julai, chafya thelathini na moja, maua tisa. Tarehe kumi na sita, chafya nne, ua moja. Kwa nini siku hii thelathini na siku ile nne, sikujiuliza. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Wiki ya kwanza ya Agosti ilikuwa mbaya. Siku tatu mfululizo hatukupata hata kichala kimoja kizima. Lukasi alikuja akasimama, akatazama, akaondoka. Jioni ile Bi Mwanaidi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho yamevimba hadi yamekuwa mistari, akanitamkia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake. Alisema labda kweli aachie. Mti wa baba yake utaanza kufumbua maua katikati ya mwezi, na yeye hana uhakika na pua yake.

Niliposikia hivyo, hasira zangu za lebo zikaisha zote. Nikamwambia kesho tunakwenda kituo cha afya, na akinibishia nitamsomba kwa bodaboda mwenyewe.

Pale tulimpata Daktari Joyce, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Alimtazama puani kwa tochi, akamsikiliza kifua, akauliza kama homa ipo. Haipo. Akauliza kama makamasi ni ya njano. Ni maji matupu. Akasema hayo si mafua wala jini, ni mzio. Mwili umelidhania vumbi la maua kuwa adui, kwa hiyo kila likiingia puani unalifukuza kwa kila silaha uliyonayo, chafya, maji na muwasho. Maua yakiisha, vita inaisha. Salfa inachokoza tu pua ambayo tayari ina ugomvi.

Kisha akauliza swali lililonivua nguo.

"Inazidi siku gani na siku gani? Au ni sawa kila siku?"

Bi Mwanaidi akasema yeye anaona ni sawa. Mimi najua si sawa. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, nalisikia kama kaa la moto. Ningeweza kunyamaza. Nikalitoa, nikaliweka mezani.

Daktari akalifungua, akafurahi kama aliyeletewa zawadi. Bi Mwanaidi akalisogelea, akausoma ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu, jina lake juu kwa herufi kubwa. Akageuka akanitazama. Nikamwambia kila kitu hapohapo, cha Lukasi na cha kwangu. Daktari Joyce, ambaye hakujua amekaa katikati ya nini, aliendelea kupitisha kidole.

Alisema kuna kitu. Kuanzia tarehe tatu hadi nane Julai chafya ni nyingi mno. Halafu zinashuka, zinakaa chini wiki tatu nzima, wakati maua yamejaa. Halafu kuanzia tarehe thelathini na moja hadi juzi, zimepanda tena. Akauliza siku hizo alikuwa anafanya nini tofauti. Alilala kwingine? Alikula kitu?

Bi Mwanaidi alilivuta daftari kwake. Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaangalia chini, akasema kwa sauti ndogo, "Siku hizo nilikuwa siswali."

Daktari alitoka Bukoba na hakuelewa, akadhani anaambiwa habari za uvivu wa dini. Ikabidi mimi nimfafanulie kwamba mwanamke wa Kiislamu akiwa katika siku zake za mwezi haswali, na wenzetu wakitaka kulisema hilo kwa adabu husema hivyo tu. Daktari akaandika mambo ya homoni, akayakata, akasimama. Akauliza, "Na usiposwali, kitu gani kingine hukifanyi?"

"Sitawadhi," akasema Bi Mwanaidi.

Daktari akamwomba amwonyeshe udhu unavyokwenda. Bi Mwanaidi akaonyesha bila maji, mikono mitupu, pale mbele ya meza: viganja, kusukutua kinywa, kisha kiganja puani, kuvuta maji ndani na kuyapenga, mara tatu. Daktari akamsimamisha hapo. Akaweka kalamu chini.

Akatueleza kwa furaha kwamba dawa ilikuwa kwenye birika la udhu muda wote. Anatoka kwenye maua saa sita, amejaza pua vumbi. Akitawadha kwa Adhuhuri anaosha pua, Alasiri tena, Magharibi tena. Siku asizoswali vumbi linabaki humo, linalala naye, na asubuhi anakwenda kuliongezea jingine. Bi Mwanaidi akaongeza mwenyewe kwamba ushungi anaojifunika puani akiwa kazini ndio huohuo anaojifunika akilala, kwa sababu ya mbu. Daktari akashika kichwa.

Tuliondoka na maagizo ambayo niliyaandika, safari hii waziwazi. Kila siku akitoka kazini, anaswali au haswali, aoshe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yametiwa chumvi kidogo, si ya kisimani moja kwa moja. Aoge na kubadili nguo kabla ya kukaa. Ushungi wa kazi ufuliwe na usianikwe nje kwenye upepo wa mikorosho. Apewe kidonge kimoja kwa siku, cha aina isiyoleta usingizi, pamoja na dawa ya kupuliza puani ambayo nguvu yake huonekana baada ya siku kadhaa. Mwakani aanze kuitumia kabla ua la kwanza halijafumbuka. Akisikia kifua kinabana au kinapiga filimbi, asisubiri kesho. Na Daktari alisema wazi kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachoondoa mzio. Vitaupunguza tu, na yeye ajifunze kuusikia unapokuja.

Njia nzima ya kurudi Bi Mwanaidi hakunisemesha. Wala kesho yake. Alikuwa ananiambia "ngazi", "lebo", "sogea", basi. Kwa mtu ambaye miaka sita tumegawana mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli moja, ilikuwa adhabu ya kutosha. Daftari nililirudisha kwa Lukasi na kumwambia kama anataka kuhesabu chafya za watu, masikio anayo. Alishangaa, ila alipoona safu za Agosti zilivyoanza kushuka, akakubali kwamba mti wa Mzee Mustafa auanze Bi Mwanaidi, naye atakuwepo siku ya mwisho. Maua yakiharibika, kitalu kinamsubiri.

Mti ulichanua. Kwa siku kumi Bi Mwanaidi aliozesha maua arobaini na tano, akaharibu mawili. Kwenye kivuli cha stoo kulikuwa na chupa yake ya maji ya chumvi na begi la nguo safi, na watu walizoea kumwona akipenga kama tembo saa sita mchana. Mimi mwenyewe nilianza kuosha pua, nikagundua kwamba mafua yangu ya kila Julai nayo hayakuwa mafua. Sikumwambia. Hatukuwa tunaongea.

Siku ya mwisho ilikuwa tarehe thelathini, na kichala kilichobaki kilikuwa kimoja, juu, chenye ua moja tu la kufaa. Lukasi alisimama na mikono nyuma. Bi Mwanaidi alikuwa ndani ya siku zake tena, nilijua kwa sababu mchana uliotangulia hakuutandika mkeka wa kuswalia. Ila pua alikuwa ameiosha. Alipanda, akalisafisha ua vizuri, akalitoa vumbi lake, akachukua la namba kumi na nne kwa ncha ya kibano. Upepo ukageuka. Nilimwona akisita. Mabega yakapanda kidogo, kaakaa likatoa ule mlio wa chura.

Zamani angejikaza, na ua lingekwisha. Safari hii alikirudisha kibano kifuani, akashuka ngazi hatua nne haraka, akakitia mkononi mwangu.

"Panda," akasema. "Weka wewe."

Nikamwambia siwezi, sijawahi. Akasema ua hili ni la leo tu, na amekwisha nitazama miaka sita nikimtazama. Kisha akakimbilia upande upepo unakoelekea, mbali na mti, akaanza. Nilipanda. Kati ya chafya na chafya sauti yake ilikuwa inanifikia: shuka kidogo, usiliguse jani, si hiyo, ile ndefu, gusa kama unamwamsha mtoto. Niligusa. Nikalivika kikaratasi. Niliposhuka jasho lilikuwa limenilowesha hadi kiunoni.

Nikachukua lebo, nikaandika mama, baba, tarehe, na mwisho, kwa mazoea na kwa aibu, M.M.

Bi Mwanaidi alirudi akifuta macho. Akaisoma. Akasema, mbele ya Lukasi, "Futa. Andika la kweli. Wewe si ndiye mwandishi?"

Nilifuta, nikaandika R. Macho yalikuwa yamejaa maji, na safari hii haukuwa mzio. Yeye akapiga chafya moja ya kumalizia, akasema alhamdulillahi, akabaki amenitazama, anasubiri. Nikamwitikia. Lukasi aliondoka bila kusema neno la kitalu, na kwenye orodha ya kazi ya mwakani jina la Bi Mwanaidi liko juu kabisa.

Mwezi wa Oktoba tulivuna korosho tisa kwenye mti ule. Nane zina M.M. na moja, kubwa kidogo, ina R. Bi Mwanaidi alizipanda mwenyewe kwenye viriba, na alipofikia ile ya tisa aliigeuzageuza kiganjani akacheka peke yake, akasema mzee wake angeshangaa sana kusikia binti yake, yaani mti, ameozeshwa na Mlutheri. Kisha akanisogezea bakuli la mihogo.